Maswali ya Wasomaji: Rangi na Alama za Vichwa vya Treni vya Dizeli

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu vichwa vya dizeli vya reli za Marekani ilituletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote ziliuliza kuhusu rangi. Nimechagua saba. Kabla ya kuzijibu, nawaomba wasomaji wazoee swali moja ambalo nitalirudia hapa chini, nalo ni hili: mwaka gani? Hakuna kampuni kubwa ya reli iliyovaa sare moja tangu kuanza kwake hadi kwisha kwake, na mtu anayeuliza rangi "halisi" ya kampuni fulani bila kutaja mwaka ni sawa na anayeuliza urefu wa mtoto bila kutaja umri wake.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha za zamani vichwa vya mvuke vya Marekani ni vyeusi tii, kisha vya dizeli vinatokea ghafla vikiwa na nyekundu, fedha, njano na buluu. Ni nani aliyeamua hivyo? Na ile pua nyekundu ya vichwa vya kampuni ya Santa Fe inayorudi nyuma ubavuni kama bawa ina maana gani?

JIBU: Weusi wa vichwa vya mvuke haukuchaguliwa kwa ajili ya kupendeza. Makaa ya mawe na mafuta mazito yalitoa masizi yaliyotua juu ya kila kitu, kwa hiyo kampuni nyingi hazikuona faida ya kugharimia rangi ambayo ingefunikwa baada ya safari chache tu. Zilikuwapo zilizothubutu, na maarufu miongoni mwao ni Southern Pacific, ambayo mwaka 1937 ilivipaka vichwa vya mvuke vya treni yake ya Daylight rangi nyekundu, ya chungwa na nyeusi. Lakini hiyo ilikuwa treni ya fahari, si ya kazi za kila siku.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1934, zilipotoka treni mbili zenye umbo laini la kukata upepo. Ya kwanza ilikuwa M-10000 ya Union Pacific, iliyopakwa njano na kahawia, na kampuni ikaeleza kwamba njano huonekana kutoka mbali na hivyo huongeza usalama. Ya pili ilikuwa Zephyr ya Burlington, ambayo haikuhitaji rangi ubavuni kwa sababu mwili wake ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, na mng'ao wa chuma ukaachwa uwe ndiyo sare. Tarehe 26 Mei 1934 ilikwenda kutoka Denver hadi Chicago kwa saa 13 na dakika 5. Kwa wanaopenda usahihi, niongeze kwamba M-10000 haikuwa ya dizeli: injini yake ilichoma mafuta ya jamii ya petroli na kuwashwa kwa plagi. Zephyr ndiyo iliyobeba dizeli.

Jambo lililofanya rangi iwe ya lazima, hata hivyo, ni namna vichwa vipya vilivyouzwa. Kichwa cha mvuke mara nyingi kilibuniwa na wahandisi wa kampuni yenyewe ya reli, kikafuata milima yake, makaa yake na mazoea yake. Cha dizeli kilitoka kiwandani kama gari: Electro-Motive, tawi la General Motors lililokuwa na kiwanda La Grange, Illinois, liliuza mashine ileile kwa kila mteja. Ukivua rangi, kichwa cha aina ya F7 cha kampuni moja na cha jirani yake ni mapacha. Kwa hiyo kiwanda kiliajiri wachoraji waliomwandalia mnunuzi mchoro wa rangi kabla hata hajatia sahihi, na sare nyingi tunazodhani zilizaliwa ndani ya kampuni za reli kwa kweli zilizaliwa mezani kwa wachoraji hao.

Sare ya Santa Fe unayoiulizia ni mfano bora kuliko yote. Aliyeichora ni Leland Knickerbocker wa General Motors, na ilivaliwa kwanza na vichwa vya E1 vilivyovuta treni ya Super Chief kati ya Chicago na Los Angeles mwaka 1937. Jina lake, Warbonnet, ni la kilemba cha manyoya cha vita: pua nyekundu ndiyo kichwa cha mvaaji, na ule mkunjo unaorudi nyuma ubavuni, uliotengwa na fedha kwa mistari ya njano na nyeusi, ndiyo manyoya yanayoburutwa na upepo. Itazame mbele kisha ubavuni, utaona kwamba mchoraji hakupaka sehemu mbili. Alipaka umbo moja linalozunguka pua, na ndiyo maana sare hii inaonekana kwenda mbio hata treni ikiwa imesimama. Ni haki kuongeza kwamba vilemba hivyo ni vya watu wa nyanda za kati za Amerika Kaskazini, wala si vya Wahopi, Wanavajo na Wapueblo, ambao reli hiyo ilipita katika nchi yao na kulitumia sana jina lao katika matangazo yake. Uzuri wa mchoro haufuti kosa hilo.

SWALI: Ninayo picha ya kichwa chenye mchoro huohuo wa Santa Fe, ila mahali pa nyekundu pana buluu. Je, picha imeharibika?

JIBU: Huenda picha yako ni nzima kabisa. Ziko njia mbili za kupata buluu katika mchoro huo. Santa Fe yenyewe ilitumia buluu na njano kwa vichwa vya mizigo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, na baada ya Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, kuchukua treni hizo mwezi Mei 1971, vichwa vyake vya abiria vilivyohamishiwa kwenye mizigo vilipakwa buluu na njano kwa kufuata mkunjo uleule wa kilemba. Njia ya pili inatoka kaskazini mashariki: mwaka 1967 kampuni ya Delaware & Hudson ilinunua vichwa vinne vya abiria vya aina ya PA vilivyokuwa vya Santa Fe, ikauhifadhi mchoro, ikaondoa nyekundu na kuweka buluu yake. Kama pua ya kichwa kilicho katika picha yako ni ndefu, pana na imenyooka kama sanduku, na mwili ni wa rangi ya fedha, basi ni kimojawapo cha hivyo vinne.

SWALI: Nikilinganisha picha za miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 naona huzuni. Michirizi imekwisha, na vichwa vingi ni vyeusi au vya kijivu vyenye maandishi machache. Je, watu walichoka na uzuri?

JIBU: Hawakuchoka, walihesabu fedha. Fikiria kazi ya fundi rangi anayepaka michirizi mitano. Anapaka rangi ya msingi, anasubiri ikauke, anabandika tepu kwa kufuata kamba iliyonyooshwa ubavuni, anapuliza rangi ya pili, anasubiri tena, na akibandua tepu akakuta rangi imevuja chini yake, anarudia kipande hicho kwa brashi. Siku zote hizo kichwa kimekaa karakanani bila kuvuta hata behewa moja. Kampuni zilizokuwa zikipoteza abiria kwa magari na ndege hazikuweza kuendelea kulipia siku hizo.

Sababu ya pili ni umbo. F7 na ndugu zake walikuwa na mbavu tambarare, pana, zisizo na vikwazo, kama ubao unaomsubiri mchoraji. Kuanzia mwaka 1949 GP7 ilileta umbo jingine, lenye boneti nyembamba, njia ya kutembelea nje, vyuma vya kushikilia, na milango mingi midogo yenye vitasa na matundu ya hewa. Mstari uliochorwa juu ya ubavu wa namna hiyo hukatika kila hatua, na mlango ukibadilishwa na ule wa kichwa kingine, mstari haukutani tena. Nimeona picha za namna hiyo, zenye michirizi inayopanda na kushuka kama ngazi kwa sababu ya mlango mmoja wa kuazima.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Atlantic Coast Line, iliyohudumia pwani ya mashariki hadi Florida. Vichwa vyake vya dizeli vilikuwa vya zambarau na fedha, na inasimuliwa kwamba zambarau ilikuwa rangi aliyoipenda rais wake, Champion McDowell Davis. Rangi hiyo ilipauka vibaya katika jua la kusini na kuitunza kulikuwa ghali. Davis alipostaafu mwaka 1957, mrithi wake, Thomas Rice, aliamuru vichwa vipakwe vyeusi. Hakuna kampuni nyingine kubwa ya Marekani iliyowahi kuwa na sare ya namna ile, na ilipotea kwa amri ya ofisini, kichwa kimoja baada ya kingine kila kilipoingia kwenye kibanda cha rangi. Southern Pacific ilifanya vivyo hivyo mwaka 1958: ikaacha nyeusi yenye pua ya fedha na michirizi ya chungwa na nyekundu, ikachukua kijivu kilichokolea chenye nyekundu kwenye ncha tu, sare ambayo mashabiki waliipa jina la pua yenye damu. Na Penn Central, iliyozaliwa tarehe 1 Februari 1968 kwa kuunganisha mahasimu wawili wa zamani, Pennsylvania na New York Central, ilitupa urithi wa rangi wa pande zote mbili na kuvaa weusi wenye herufi P na C zilizofungamana. Kufikia Juni 1970 ilikuwa imefilisika.

Si kila badiliko lilitokana na uhaba. Milwaukee Road, iliyojulikana kwa chungwa na damu ya mzee, iligeukia njano na kijivu vya Union Pacific mwaka 1955, kwa sababu mwezi Oktoba mwaka huo ilianza kuzivuta treni za Union Pacific kati ya Chicago na Omaha, na ilitakiwa treni ionekane ya rangi moja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

SWALI: Katika picha moja ya miaka ya 1980 kuna kichwa chekundu na cha njano kilichoandikwa SF kwa herufi kubwa mno, lakini herufi hizo ziko upande mmoja na nusu nyingine iko tupu. Fundi alisahau kumaliza?

JIBU: Fundi hakusahau. Aliambiwa aache nafasi.

Mwezi Desemba 1983 kampuni mama za Southern Pacific na Santa Fe ziliungana. Reli zenyewe, hata hivyo, hazikuruhusiwa kuungana mpaka tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia usafiri kati ya majimbo itoe kibali. Viongozi walikuwa na hakika ya kupata kibali hicho, kwa hiyo wakaanza kupaka sare ya pamoja: nyekundu, bendi ya njano na nyeusi juu, mpangilio uliofanana na maboksi ya filamu za Kodachrome kiasi kwamba jina hilo likaganda hadi leo. Vichwa vya Santa Fe viliandikwa SF, na mbele ya herufi hizo ikaachwa nafasi ya SP. Vya Southern Pacific viliandikwa SP, na baada yake ikaachwa nafasi ya SF. Siku ya kibali ingefika, mafundi wangeongeza herufi mbili tu na kupata SPSF, bila kurudia kazi yote.

Siku hiyo haikufika. Mwezi Julai 1986 tume ilipiga kura ya kukataa, kwa hoja kwamba muungano ungeua ushindani katika kusini magharibi ya nchi. Mamia ya vichwa yalibaki yakikimbia na nusu ya jina, na wafanyakazi wa reli walizitungia herufi SPSF maana mpya ya Kiingereza, onyo la kutokuwa na haraka hivyo ya kupaka rangi. Baadhi ya vichwa hivyo vilibaki na sare hiyo hadi miaka ya 1990.

Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo picha yenye thamani kuliko zote katika barua za mwezi huu, kwa sababu ile nafasi tupu ni maandishi pia. Inatueleza kwamba kichwa kilipakwa katika kipindi kifupi sana, na hivyo inakusaidia kukisia tarehe ya picha hata kama hakuna aliyeiandika nyuma yake.

SWALI: Naomba ufafanuzi wa alama ndogo: herufi F iliyo peke yake chini ya ubavu, herufi zinazoishia na X, na vitaa vidogo vya kijani au vyeupe juu ya pua.

JIBU: Herufi F ni ya sheria. Kanuni za shirikisho za usalama wa reli nchini Marekani zinataka kila kichwa kiwe na F inayosomeka kila upande, karibu na ncha inayotambuliwa kuwa ya mbele, pamoja na namba ya kichwa kila upande. Kwa F7 jambo hilo linaonekana kama mzaha, maana pua inajieleza. Kwa kichwa chenye boneti mbili halieleweki hivyo: Norfolk & Western na Southern, kwa mfano, zilihesabu boneti ndefu kuwa ndiyo mbele, ili mashine imkinge dereva pakitokea ajali, na F yao iko mahali ambapo mgeni angepaita nyuma. Modeli nyingi nilizoziona zimekosea hapa. Mtu amepaka rangi kwa uangalifu wa ajabu, kisha akaibandika F kwenye boneti fupi kwa kufuata mazoea ya macho yake.

Herufi za umiliki ni kati ya mbili na nne, na zile zinazoishia na X huonyesha kwamba mwenye chombo si kampuni ya reli, mara nyingi ni kampuni ya kukodisha. Ukikuta sare ya zamani iliyopauka, namba mpya ndani ya kiraka cha rangi mbichi, na herufi zinazoishia na X, umekutana na kichwa kilichouzwa ambacho mwenyewe hakuona sababu ya kukipaka chote. Viraka havikuwa vya wakodishaji peke yao. Union Pacific ilipoichukua Southern Pacific mwaka 1996, vichwa vingi vya kijivu na nyekundu viliendelea na kazi vikiwa na kiraka cha njano chenye namba mpya ubavuni mwa chumba cha dereva.

Ama vitaa, vilikuwa lugha ya ratiba. Vyeupe vilieleza kwamba treni ni ya ziada, haimo katika ratiba. Vya kijani kwamba nyuma yake inafuata sehemu nyingine ya treni hiyohiyo, kwa hiyo anayesubiri pembeni asiingie njiani bado. Vyekundu viliwashwa kichwa kilipokuwa mkiani. Utaratibu huo uliondolewa katika miaka ya 1980, na baadhi ya vichwa vya zamani vinaonyesha duara la bati lililoziba tundu la taa. Vivyo hivyo, vipande vya utepe unaoakisi mwanga ubavuni vilifanywa kuwa vya lazima kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2005, na taa mbili za chini mbele, zinazotengeneza pembetatu na taa kuu, zimekuwa za lazima kwa vichwa vingi vya Marekani tangu mwisho wa mwaka 1997. Ukiziona katika picha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1975, itilie shaka.

SWALI: Ninajenga modeli ya kichwa cha abiria cha E7 cha Pennsylvania Railroad. Kopo la rangi limeandikwa kijani, lakini nikipaka naona nyeusi. Rafiki yangu anasema nimepotea, kwa kuwa anayo picha ambamo kichwa hicho ni cha kijani kabisa. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Inawezekana nyote wawili, na naomba nichukue nafasi ya kutosha hapa, kwa sababu swali hili limegombanisha watu wengi wema.

Rangi hiyo kampuni iliiita enameli ya kijani kilichokolea ya vichwa vya treni, kwa kifupi DGLE, na mashabiki huiita kijani cha Brunswick. Ni rangi nyeusi iliyotiwa kijani, zaidi ya kuwa kijani kilichotiwa weusi. Fanya jaribio hili. Paka kipande cha bati kwa rangi ya kopo lako na kipande kingine kwa nyeusi tupu, kisha viweke pamoja kivulini: hutavitofautisha. Vitoe juani na uvigeuzegeuze polepole. Kile cha kwanza kitatoa kijani kwenye ukingo ambapo mwanga unateleza, kama kitako cha chupa nene, na ukirudi kivulini kitajificha tena. Mtu aliyesimama stesheni siku ya mawingu aliona kichwa cheusi chenye michirizi mitano ya dhahabu. Aliyesimama nje saa nne asubuhi, baada ya kichwa kuoshwa, aliona cha kijani.

Halafu kuna picha zenyewe. Slaidi za Kodachrome zilizohifadhiwa gizani zimeshika rangi zake vizuri kwa miongo mingi, lakini filamu nyingine za wakati ule hupoteza moja ya rangi zake tatu na kuegemea wekundu au samawati. Anayeskani picha hurekebisha kwa jicho lake mwenyewe, anayeichapa huongeza mwanga ili magurudumu yaonekane, na kijani kilichokuwa cha kujificha hupanda juu. Ongeza na uchafu: vumbi la chuma kutoka kwenye breki hutua sehemu za chini na kuwa la kahawia, moshi hutua juu, na jua huipausha rangi upande unaolielekea zaidi. Kichwa kimoja, siku moja, kinaweza kuwa na rangi tatu.

Kwa sababu hiyo mafundi wa ukarabati hawaiamini picha peke yake, huuliza chuma. Huchagua mahali ambapo jua halikufika, kwa mfano nyuma ya bango la namba, chini ya kibati cha kiwanda au upande wa ndani wa fremu ya mlango. Hapo husugua eneo dogo lenye upana wa sarafu kwa msasa mlaini uliolowa maji, wakichimba zaidi katikati na kidogo kandoni, mpaka katikati chuma kionekane. Shimo hilo lenye mteremko likipanguswa, tabaka zote hujitokeza kama pete za mti uliokatwa: nje kabisa rangi ya mwenye mwisho, kisha ya aliyemtangulia, kisha praima, kisha rangi nyingine ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwapo, na karibu na chuma ile ya kiwandani. Tone la mafuta meupe juu yake hurudisha kina cha rangi kwa muda, na hapo ndipo fundi huilinganisha na kadi za sampuli kwenye mwanga wa mchana, wala si chini ya taa ya karakana, kwa sababu rangi mbili zinazolingana chini ya taa zinaweza kuachana nje. Nasihi kwamba kazi hii isifanywe na mtu asiye na mafunzo: rangi za njano na chungwa za zamani mara nyingi zina risasi na kromati, na vumbi lake ni sumu.

Kwa modeli yako, liamini kopo, kisha ongeza tone la rangi nyeupe au ya kijivu. Kitu kidogo kilicho mezani huonekana cheusi kuliko kitu kikubwa chenye rangi ileile kinachotazamwa kwa mbali, na wajenzi wengi wazoefu huing'arisha rangi kidogo kwa sababu hiyo. Kabla ya yote, amua mwaka. Michirizi mitano iliyobuniwa na Raymond Loewy kwa ajili ya vichwa vya umeme vya GG1 ilihamia kwenye dizeli za abiria, lakini katika miaka ya 1950 baadhi ya vichwa vya abiria vilibadilishwa kuwa vya damu ya mzee, na baadaye michirizi mitano ikawa mmoja. Ukiwa na mwaka, nusu ya ugomvi wako na rafiki yako umekwisha.

SWALI: Siku hizi kampuni za Marekani zinapaka vichwa vipya kwa sare za zamani. Je, naweza kuzitumia picha zake kama rejea ya kupakia modeli za miaka ya 1950?

JIBU: Hapana, ingawa navipenda vichwa hivyo kwa moyo wote. Union Pacific ilianza mwaka 2005 kwa kupaka vichwa sita vya SD70ACe kwa heshima ya kampuni ilizozimeza, na namba zake zimepangwa kwa maana: 1982 ni Missouri Pacific, 1988 ni Katy (yaani Missouri-Kansas-Texas), 1995 ni Chicago & North Western na 1996 ni Southern Pacific, kila moja ikiwa na mwaka wa kuunganishwa kwake. Usizisome zote kama kalenda, hata hivyo. Rio Grande ilipewa 1989, hali iliingia Union Pacific pamoja na Southern Pacific mwaka 1996. Norfolk Southern ilifuata mwaka 2012 kwa vichwa ishirini, ilipotimiza miaka 30, na CSX ilitoa cha Baltimore & Ohio mwaka 2023 kikiwa na namba 1827, mwaka ambao kampuni hiyo ya kale ilipewa hati ya kuanzishwa.

Tatizo ni lile la umbo nililolieleza juu. Sare iliyobuniwa kwa pua ya mviringo ya F7 haikai juu ya mashine ya leo yenye boneti ya pembe, kwa hiyo mchoraji alilazimika kutafsiri: mstari umehamishwa, bendi imepanuliwa, mara nyingine sare mbili za vipindi tofauti zimeunganishwa katika ubavu mmoja. Ni kumbukumbu nzuri, lakini si ushahidi. Isitoshe, rangi za leo zinang'aa kwa namna ambayo enameli ya zamani haikung'aa.

Ukitaka rejea yenye mwili, tafuta vichwa vya kipindi chenyewe vilivyohifadhiwa. Katika jumba la makumbusho la reli la jimbo la California, mjini Sacramento, ipo F7 ya Santa Fe namba 347C katika sare ya Warbonnet, na ipo E9 ya Southern Pacific namba 6051 katika nyekundu, chungwa na nyeusi za Daylight. Hata hizo zimepakwa upya, kwa hiyo waulize wahusika ni mwaka gani waliokusudia kuuonyesha. Kisha linganisha na slaidi za mwaka huo, ukianzia na mpangilio wa herufi kabla ya rangi, maana herufi hazipauki na mahali pake hupimika kwa rula. Namba 6051 ilitoka kiwandani mwaka 1954. Kama ndiyo utakayoijenga kwanza, anza na picha za mwaka huo, kabla kijivu cha 1958 hakijaifikia.